Dawa ya maji na samaki wetu: namna ya kutoa klorini kabla ya kujaza basini
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa kila mwezi wa wanachama)

Sisi watu wa tereni tumezoea kuja hapa na makaratasi ya kujaza. Leo hatuna karatasi ya kujaza. Tumekuja na neno moja tu, maji, na tunaomba mutusikilize mpaka mwisho, juu ndani ya neno hili kuna samaki, kuna afya ya watoto, na kuna amani kati yetu na majirani.

Wote munajua kwamba mwaka huu vikundi vitatu vya ushirika vimeanza kufuga tilapia na kambale. Vingine vilichimba bwawa karibu na mto. Vingine, wale wa katikati ya senta, walitengeneza basini ya simenti ao ya shitingi ndani ya paseli, wakaijaza na maji ya bonifonteni. Wale wa mtoni samaki wao wanaendelea. Kwa wale wa senta, kikundi kimoja kilipoteza vifaranga 400 kwa siku moja. Viliwekwa asubuhi, saa kumi vimeelea vyote.

Munajua pia maneno yaliyofuata. Ilisemwa kwamba basini ilitiwa sumu. Ilisemwa na jina la mtu: yule anayechunga bonifonteni, juu yeye ni wa wale waliobaki huku wakati wa vita, na kikundi ni cha wamama waliorudi kutoka Tanzania. Ilisemwa kwamba waliobaki hawataki waliorudi wainuke. Kidogo tu neno lingefika kwa shefu, na kutoka kwa shefu hatujui lingefika wapi.

Sisi tulifika kesho yake na kile kidude cha kupimia maji. Kwenye bonifonteni, maji yaligeuka rangi ya waridi. Tukapima bidoni moja iliyobaki imefungwa nyumbani kwa mama mmoja wa kikundi, maji ya siku ile ile: rangi ya waridi. Hiyo ndiyo alama ya klorini, ile tunaita kila siku "dawa ya maji". Hapakuwa na sumu ya mtu. Dawa ile inayolinda watoto wetu na kolera ndiyo iliyoua vifaranga. Maji yalikuwa mazuri kabisa kwa kunywa, na mabaya kabisa kwa samaki.

Sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe.

Kwanza: kwa nini dawa inabaki ndani ya maji?

Wengi wanafikiri dawa inaua vidudu pale kwenye tangi kubwa, halafu kazi yake imekwisha. Hapana. Inatiwa kwa kipimo ambacho kinaacha kiasi kidogo ndani ya maji mpaka kwenye robine, na mpaka ndani ya bidoni yako nyumbani. Ule mkono mchafu unaoingiza kikombe, ile bidoni isiyosuguliwa vizuri, vyote vinarudisha vidudu. Klorini iliyobaki ndiyo mlinzi. Kipimo kinachotakiwa kwenye robine ni kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa litri moja. Wakati wa kolera kinapandishwa, kinaweza kufika 1 ao zaidi. Sisi tunaokaa kando ya ziwa Tanganyika, Uvira, Baraka, Kalemie, hatuhitaji mtu wa kutueleza kolera ni nini. Inaweza kumaliza mtu mzima kwa saa chache.

Na wale waliokaa Lugufu na Nyarugusu wanakumbuka maji ya bomba ya kambini yenye harufu hii hii. Si kitu kipya kwetu. Kipya ni samaki.

Kwa hiyo tunaomba jambo la kwanza, na tunalisema kwa nguvu: mtu asiende kumwomba mchungaji wa bonifonteni apunguze dawa kwa ajili ya samaki. Tumesikia kwamba ombi hilo limeshafanywa. Samaki wa familia ishirini hawawezi kulindwa kwa kufungulia kolera familia elfu moja. Dawa ibaki ndani ya maji ya watu. Tutaitoa sisi wenyewe, ndani ya maji ya samaki tu.

Pili: kwa nini inaua samaki na haituui sisi?

Sisi tunakunywa maji, yanaingia tumboni, tumbo linamaliza hiyo klorini kidogo. Samaki anapumua maji. Kila dakika maji yanapita kwenye mashavu yake, yaani matamvua, na pale ngozi ni nyembamba sana, damu iko karibu. Klorini inachoma ile ngozi. Samaki anatoa ute mwingi, anashindwa kupumua, anakufa akiwa katikati ya maji. Kipimo cha kumdhuru ni kidogo mno: hata miligramu 0.02 mpaka 0.05 kwa litri inatosha kuumiza vifaranga. Linganisha na ile 0.5 ya robine. Ni mara kumi ao zaidi.

Ndiyo maana pua haitoshi. Mama mmoja alituambia, "Nilinusa, hayakuwa na harufu." Alisema kweli. Pua ya mtu inaweza kukosa kabisa harufu wakati kiasi kilichobaki bado kinaua samaki.

Tatu: utajuaje kama ni klorini ao ni kitu kingine?

Angalia saa. Klorini inaonekana muda mfupi baada ya kuongeza maji, iwe asubuhi, iwe mchana. Samaki wanakimbia-kimbia, wanarukaruka, halafu wanapanda juu kutafuta hewa, halafu wanalala upande. Ukosefu wa hewa ndani ya bwawa huja kwa namna ingine: unaonekana alfajiri, kabla jua halijatoka, hasa bwawa likiwa la kijani sana ao chakula kimezidi, na jua likipanda wale waliosalia wanapata nguvu tena.

Na kuna shida ya simenti mpya. Basini iliyokauka juzi inaachia chokaa ndani ya maji, na hiyo pia inaua. Basini mpya ijazwe, ikae siku kadhaa, imwagwe, isuguliwe, ijazwe tena, mara mbili ao tatu, kabla ya kuweka samaki. Vilevile pipa lililobeba dawa ya mashamba ao mafuta lisiguse kazi hii hata kama limeoshwa na sabuni mara kumi.

Nne: kama unaweza, acha maji ya robine.

Tufanye hesabu pamoja. Bwawa la metre 10 kwa 10, kina cha metre 1, linabeba litri 100,000. Hizo ni bidoni 5,000 za litri 20. Hakuna mtu atakayejaza bwawa kama hilo kwa bonifonteni, na akijaribu, mstari wa wamama pale utamfukuza, na watakuwa na haki. Bwawa ni la mto, la chemchemi, ao la maji ya mvua. Hata kwa basini ya paseli, maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati safi hayana klorini. Wenye bati, wekeni mfereji na pipa sasa, kabla ya kiangazi.

Maji ya robine yabaki kwa kazi ndogo: basini ya kupokea vifaranga, basini ya kambale wa kuzalisha, na kuongeza maji ya shitingi wakati wa kiangazi. Kwa kazi hizo, hizi ndizo njia za kutoa klorini.

Njia ya kwanza: kupumzisha maji. Hii haina bei. Mimina maji ndani ya chombo chenye mdomo mpana: beseni kubwa, pipa lililokatwa, ao basini nyingine. Kiache wazi, juani, siku 2 kamili. Koroga mara nyingi kwa siku, ao chota na umwage kutoka juu ili maji yapigwe na hewa. Klorini inatoka hewani na jua linaivunja. Siku 1 inaweza kutosha kama chombo ni kipana na jua ni kali, lakini wakati wa mvua na mawingu hesabu siku 2 ao 3. Funika na neti ya mbu iliyochakaa, si na kifuniko: hewa ipite, mbu asitage, na mtoto asitumbukie. Tunasema hili la mtoto kwa uzito, pipa la maji katikati ya paseli ni hatari.

Angalieni vizuri: bidoni iliyofungwa haipumzishi maji. Inaweza kukaa siku nyingi na klorini ikabaki. Kwa maji ya kunywa hiyo ni baraka. Kwa samaki ni mtego. Wale wamama walipumzisha maji usiku mmoja, lakini ndani ya bidoni zilizofungwa.

Njia ya pili: thiosulfati ya sodiamu. Ni chumvi nyeupe, inafanana na sukari ya mawe, inamaliza klorini kwa dakika chache. Hesabu yake ni hii: miligramu 7 za thiosulfati kwa kila miligramu 1 ya klorini. Ili musisumbuke na mizani kila siku, ushirika upime mara moja gramu 14, uziyeyushe ndani ya litri 1 ya maji safi, uweke kwenye chupa yenye maandishi. Kwa pipa la litri 200 lenye klorini ya miligramu 1 kwa litri, munatia mililitri 100 za chupa ile. Kwa basini ya litri 1,000 yenye klorini ya 0.5, munatia mililitri 250. Koroga, subiri dakika kumi, pima. Kuzidisha kidogo hakuui samaki, lakini kuzidisha sana ni kumwaga mali. Chupa isikae karibu na vyakula, na isikae mwezi baada ya mwezi, tengenezeni mpya.

Njia ya tatu: vitamini C. Hii ni ya haraka pia, na inapatikana kwenye farmasi. Hesabu ni miligramu 2.5 za vitamini kwa kila miligramu 1 ya klorini. Kwa pipa la litri 200 lenye klorini ya 1, ni miligramu 500, yaani kidonge kimoja kikubwa. Kisage vizuri, kiyeyushe ndani ya kikombe, ndipo umimine. Tafuteni kile cha kawaida, si kile chenye rangi na sukari. Kwa pipa moja ao mawili inafaa. Kwa basini kubwa kila wiki bei itawachosha.

Kuchemsha pia kunatoa klorini, lakini makala ya kuchemsha mapipa yana bei kuliko samaki. Na kuna mambo ambayo watu wanafanya na hayana faida. Kupitisha maji kwenye kitambaa hakutoi klorini. Kutia chumvi ya jikoni hakuitoi. Kutia jivu hakusaidii na kunaharibu maji. Makala ya jikoni ndani ya pipa si ya kuaminiwa. Makala inayofanya kazi hiyo ni ile iliyotengenezwa kiwandani kwa ajili ya kuchuja maji.

Tano: pima, halafu jaribu na wachache.

Kile kidude cha kupimia kiko mkononi mwa komite ya maji. Kinatumia kidonge kidogo, unakisagia ndani ya maji, unalinganisha rangi. Maji ya kunywa yanatakiwa kuwa rangi ya waridi. Maji ya samaki yanatakiwa kubaki meupe kabisa. Kama kuna waridi hata kidogo, usiweke samaki, ongeza siku moja.

Na hata kama ni meupe, usiweke mali yote mara moja. Weka vifaranga 5 ndani ya beseni ya maji yale, lala, amka. Kama watano wako wazima, endelea. Kupoteza 5 ni huzuni. Kupoteza 400 ni likelemba ya miezi sita imekwenda.

Ukiweka, usimwage tu. Mfuko uliobeba vifaranga uelee kwanza juu ya maji ya basini robo saa, joto lilingane. Halafu ingiza maji ya basini ndani ya mfuko kidogo-kidogo. Halafu waache watoke wenyewe.

Kwa kuongeza maji kwenye basini yenye samaki, toa klorini kwanza nje, ndani ya pipa, halafu ndipo umimine. Usiseme, "Ni bidoni mbili tu." Tena kinyesi cha samaki kina amonia, na klorini ikikutana nayo inazaa kitu kingine ambacho kinakawia kutoka na bado kinachoma samaki. Ni vema klorini isiingie kabisa.

Sita, na hili wamama mulibebe mpaka nyumbani: maji yaliyotolewa klorini si ya kunywa.

Ukishamtoa mlinzi, nyumba iko wazi. Maji yaliyokaa siku mbili juani bila kifuniko, yamekorogwa na mkono, yameguswa na kuku, hayo ni ya samaki tu. Mtoto akirudi kutoka masomo na kiu, atachota penye maji karibu. Kwa hiyo vyombo vitengane. Pipa la samaki lipigwe rangi nyekundu ao lifungwe kamba nyekundu, na kikombe kisikae juu yake. Bidoni ya samaki isirudi jikoni. Nyumba yote ijue, mpaka mtoto wa miaka minne.

Baada ya mazungumzo kwenye kikundi tuliulizwa maswali, tunajibu mawili hapa kwa faida ya wote.

Swali: "Mbona jirani yangu aliongeza maji ya robine ndani ya bwawa lake la kijani na hawakufa?" Jibu: bwawa la kijani limejaa mimea midogo na uchafu, na vitu hivyo vinakula klorini haraka. Tena maji yaliyoongezwa yalikuwa kidogo kati ya mengi. Basini yako mpya ni safi, haina kitu cha kula klorini, kwa hiyo yote inabaki kwa samaki. Usipime bahati yako kwa bahati ya jirani.

Swali: "Mara ya kwanza tulifanya hivyo hivyo na walipona, kwa nini safari hii?" Jibu: kipimo cha dawa hakifanani siku zote. Kukiwa na kolera kinapanda. Nyumba iliyo karibu na tangi inapata klorini nyingi kuliko ile ya mwisho wa bomba. Ndiyo maana tunasema kuuliza ni kila siku.

Kwa neno hili tuna habari njema kidogo. Yule mchungaji wa bonifonteni, mwenyewe, bila kulipwa, sasa anaandika kipimo cha asubuhi kwa chaki kwenye ubao pale robineni. Anayefuga samaki anasoma, anajua atie mililitri ngapi ao asubiri siku ngapi. Wamama wa kikundi kile wamenunua vifaranga vingine, wamefuata siku mbili za jua, na vifaranga vinakula.

Lakini, wazee wetu, kuna kitu kimoja ambacho kidude chetu hakiwezi kupima. Mtu yule aliitwa mtia sumu mbele ya watu, kwenye mstari wa maji, watoto wake wakisikia. Ukweli umejulikana, lakini umejulikana kwa kunong'ona. Hakuna aliyesimama kusema mbele ya watu kwamba hakukosa. Sisi wa shirika tutamaliza mradi siku moja na tutaondoka. Nyinyi mutabaki na bonifonteni moja, na ziwa moja, na shule moja. Tunaomba komite iweke neno hili kwenye mkutano ujao, na yule baba aitwe, aketi mbele, aambiwe.

Kwa upande wetu, tutaleta mizani ndogo na gramu za kwanza za thiosulfati kwa vikundi vitatu, na tutakaa na vijana wawili wa kila kikundi Jumatano mpaka wajue hesabu bila sisi. Kila kikundi kije na daftari moja: tarehe, kipimo cha ubao, siku za kupumzisha, samaki waliowekwa, waliokufa. Bila daftari hatutafungua chupa.